Mshikaki wa Mfaransa

Jumamosi, mgahawani Mikumi, mama mmoja wa Kimarekani alitusimulia, mwongoza watalii akitafsiri, alivyohangaika miaka mingi kutafuta asili ya bibi yake wa kale, wa enzi Marekani ikiwa bado koloni. Kumbe ukoo wa bibi huyo ulikuwa wa Waprotestanti waliofukuzwa Ufaransa kwa sababu ya dini.

“Walifukuzwa?” aliuliza mpishi wetu, Msagara. “Kwetu waliogombana zamani ndio watani. Yule pale ni Mfaransa, mama. Nenda kachukue mshikaki wake, haruhusiwi kukasirika.”

Mama akaenda, akauchomoa sahanini. Mfaransa alibaki kaduwaa, uma hewani. Alipoelezwa, akacheka, akamsogezea sahani nzima. “Chukua yote. Tulifukuza wengi.”

Nikavuta sahani yangu karibu. Sijui babu zangu walimfukuza nani.