Nilimwambia Mama Mkwe ni Tumbo

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kubeba. Katoni za sabuni, madumu ya mafuta, magunia ya sukari, yote yalipita begani mwangu katika duka la jumla pale sokoni Kikuubo, na jioni nilibaki na nguvu za kucheza na binti yangu Zulfa. Kwetu ni Mumias, Kenya. Mke wangu ni Mnubi wa hapa Kampala, na kazi nilitafutiwa na mama yake, msimamizi wa ofisi ya duka hilo.

Tajiri mwenye duka alitukatia bima ya matibabu, lakini kabla ya kwenda hospitali ilikuwa lazima ueleze ofisini unaumwa nini, ndipo ofisi ikuombee ruhusa kwa watu wa bima. Na ofisi ni mama mkwe. Kwetu mama mkwe hapewi hata mkono.

Ugonjwa ulianzia chooni. Nilijikamua, nikaona damu mbichi. Baadaye kikatoka kinyama, nikawa nakirudisha ndani kwa kidole. Kukaa taabu, kubeba ndiyo kabisa. Ilikuwa bawasiri. Sasa neno hilo ningelitamkaje mbele ya mama wa mke wangu?

Nilisimama mlangoni nikitazama sakafu. "Mama, ni tumbo."

"Tumbo gani, baba Zulfa?"

"Linachoma tu."

Basi ruhusa ikatoka ya tumbo. Hospitali nako niliona haya kubadilisha maneno, nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Nilizimeza zote huku damu ikitoka. Mke wangu aliponiuliza mbona napauka, nilimgombeza. Naona haya kwa hilo pia.

Siku moja mchana, katikati ya wateja, nilijitwisha gunia, macho yakaingia giza, nikaanguka kifudifudi. Suruali ilikuwa imelowa damu nyuma. Nikasikia mtu akisema, "Bambi, maskini, huyu wamemchoma kisu?" Kisha nguo ikanifunika kiunoni. Mama mkwe alikuwa amevua gurbaba yake, ile nguo wanayojitanda wanawake wa Kinubi.

"Geukeni huko," aliwaambia watu. "Hamna kazi?"

Hospitalini niliongezewa damu, nikapasuliwa. Daktari, Muganda wa makamo, aliniuliza kwa heshima, "Ssebo, kwa nini hukusema?"

"Wa kumwambia alikuwa mkwe."

Hakucheka. "Hata kwetu ingekuwa shida. Lakini yule daktari wa kwanza si mkwe wako. Yeye ungemwambia."



Choo cha kwanza baada ya upasuaji kiliniliza, mtu mzima mimi. Sasa nimepona. Nakaa kitini bila mto, nauza dirishani, sibebi tena.

Kanuni ya kazini imebadilika. Kila mmoja ana kadi yake, anaenda moja kwa moja, ofisi haiulizi ugonjwa. Mama mkwe ndiye aliyemganda tajiri mpaka ikawa hivyo. Siku hizi bima ya taifa inazungumzwa redioni, na wenzangu wanabishana mshahara utakatwa kiasi gani. Mimi nauliza, ugonjwa wangu atausikia nani? Nanyi ulizeni hilo. Na ukifika kwa daktari, taja panapouma kwa jina lake.

Namshukuru Mungu, waliotoa damu, na mama mkwe. Mke wangu aliifua ile gurbaba, nikamtuma airudishe. Ilirudi siku ileile, na maneno: "Mwambie aiweke. Siku nikianguka mimi, aje anifunike."

Iko kabatini. Mpaka leo sijaweza kumtazama usoni.