Daktari Aliyemeza Buibui

Mtaani walimwita Daktari, na jina hilo lilimpa tabu. Aliyelieneza alikuwa mama mkwe wake. "Mkwe wangu ni daktari," aliwaambia majirani, akaishia hapo hapo, bila kufafanua ni daktari wa nini. Basi kila Jumamosi asubuhi ungemkuta mlangoni mtu na mtoto anayekohoa, mwingine amejishika kiuno, naye Daktari kasimama na suruali ya kulalia, akieleza kwa sauti ya chini kwamba udaktari wake ni wa buibui.

"Wa buibui?" aliuliza siku moja yule mwenye kiuno. "Wakiugua wanakuja wenyewe, au unawafuata?"

Aliwafuata. Miaka yote aliyofanya kazi chuo kikuu, Daktari alipekua majani yaliyooza, magome ya miti na vichuguu, akitafuta ni buibui gani wanaishi wapi na wanakula nini. Makabati ya idara yalijaa vichupa vya spiriti. Kila kichupa kilikuwa na buibui wake, na kila buibui alikuwa na jina alilopewa na mtu mwingine. Sasa kustaafu kulikuwa kunabisha hodi, na Daktari alitaka kitu kimoja tu duniani: buibui mmoja, hata awe mdogo kama punje ya ufuta, ambaye sayansi haijawahi kumwona, amtambulishe yeye.

Nyumbani kwake, adui wa sayansi alikuwa fagio refu la mama mkwe. Kila kukicha lilizunguka dari na pembe zote, na hakuna utando uliosalimika. Baada ya ugomvi usiokwisha, mke wa Daktari, fundi cherehani asiyependa kelele nyingine isipokuwa ya cherehani yake, aliwagawia nyumba: pembe ya nyuma ya mlango iwe ya mumewe, kwingine kote kuwe kwa mama. Fagio halikugusa kitu kimoja tu, picha kubwa ya marehemu baba mkwe iliyotundikwa sebuleni. Siku ilipotundikwa, mama mkwe aliapa kwamba akiwa hai hakuna mkono utakaoisogeza, hata wa kwake mwenyewe.

Jumamosi hiyo walikuwa wanamsubiri mgeni, profesa wa buibui kutoka nchi ya mbali, aliyekuja kutazama makabati ya chuo na kukaribishwa chai. Daktari alikuwa anapanga viti alipomwona: buibui mdogo, chini kidogo ya picha ya marehemu. Akatoa kioo chake cha kukuzia. Mgongo mweusi, mstari mweupe uliopinda kama ndoano, na mbele ya mdomo vikono viwili vilivyovimba kama glovu za bondia. Vikono vya namna hiyo ni vya dume. Lakini mstari ule Daktari hakuwahi kuuona, si kabatini, si kitabuni.

Mdudu wa kiasi hicho hashikwi kwa vidole, atapondeka. Daktari alikuwa na kifyonzi, yaani kichupa chenye mirija miwili. Mmoja unaelekezwa kwa mdudu, wa pili unautia mdomoni na kunyonya, naye mdudu anatumbukia kichupani. Mrija wa mdomoni hufungwa kitambaa cha wavu mwishoni, kwa sababu zinazoeleweka.

Alikimbilia kwenye rafu ya jikoni, akarudi nacho, akalenga, akanyonya kwa nguvu zote za mtu aliyesubiri maisha mazima. Buibui aliingia mrija wa kwanza, akapita kichupani bila hata kusalimia, akaingia wa pili, na safari yake ikaishia kooni.

Cherehani ilinyamaza. "Mbona umesimama hivyo?" mkewe aliuliza.

"Nimemmeza."

"Nani?"

"Yeye." Alikuwa anaushikashika mrija. "Kitambaa cha humu kiko wapi?"

Mama mkwe alichungulia kutoka jikoni, kikombe mkononi. "Kile cha wavu? Nimeshonea kichujio cha chai, kilikuwa kimetoboka. Kimekaa vizuri kweli, halipiti hata jani moja."

"Mama, kile nimenyonyea siafu. Mende. Funza wa mzoga!"

Mama mkwe alikitazama kikombe. Kilikuwa kimebaki nusu. Akakiweka chini taratibu, akakaa. "Basi tumekula wote," alisema. "Tusiulizane."

"Tapika," mkewe alishauri.

"Akitoka huko atakuwa hatambuliki."

"Na ile njia nyingine ya kutokea?" aliuliza mama mkwe.

"Mama!"

"Mimi nauliza kisayansi."

Daktari hakucheka. Alijikunyata kitini kama kuku aliyenyeshewa, na machozi yakaanza kumchuruzika. Mama mkwe hakuwahi kumwona mwanamume yule akilia, na roho ikamsuta. Akanyanyuka, akachukua kikombe kitupu, akaanza kuwasaka buibui ambao jana yake tu alikuwa anawaua. Alipekua nyuma ya mlango, chini ya kabati, ndani ya kapu la vitambaa vya binti yake.

"Ni huyu?"

"Huyo ni wa kawaida, mama."

"Na huyu?"

"Huo ni uzi."

Mgeni alipobisha hodi, sebule ilikuwa imepinduliwa juu chini. Alikuwa mwanamke mrefu aliyetamka kila neno kwa uangalifu, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alisimuliwa mkasa wote, hakucheka, akauliza swali moja tu: "Alionekana wapi?"

Daktari alionyesha kidole. Wote wanne wakainua macho kwa marehemu, naye akawatazama.

Daktari hakuthubutu kuomba. Mama mkwe alijifunga khanga kiunoni, akavuta stuli, akapanda.

"Mzee, niwie radhi," aliiambia picha. "Kiapo nilikula mwenyewe, nakitapika mwenyewe. Mkwe wako analia."

Akaiinua. Nyuma yake ukuta ulikuwa umejaa vijumba vyeupe vya utando, na wenye migongo ya ndoano wakatawanyika huku na huku.

"Ndivyo alivyokuwa," mama mkwe alisema, fremu kifuani. "Hata alipokuwa hai alikuwa anaficha wageni asiniambie."

Profesa alitoa kifyonzi chake mkobani.

"Kina kitambaa?" aliuliza mama mkwe kwa ukali.

Kilikuwa nacho. Profesa aliwatazama chini ya kioo kwa muda mrefu. Hatimaye aliinua kichwa. "Itabidi tuwalinganishe na wengine. Lakini mimi sijawahi kumwona huyu. Hongera, mwenzangu."

Mke wa Daktari alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Tatizo ni moja," profesa aliendelea. "Hawa wote ni majike. Dume je?"

Fundi cherehani alitazama dari. Daktari aliweka mkono tumboni.

"Si neno," alisema profesa, "tutatoa maelezo ya majike. Kuhusu dume tutaandika kwamba hajulikani."

"Hajulikani vipi?" mama mkwe aliruka, akimnyooshea mkwewe kichujio cha chai usawa wa kitovu. "Andika ukweli, mwanangu. Dume yupo, na alipo sote tunapajua."