Chupi Mpya za Kwenda Hija

Mama yangu akiita "mwanangu" pale uani, tunaitika wawili: mimi niliyetoka tumboni mwake, na wifi yangu, mke wa kaka. Siku moja nilikaa kimya makusudi, nikiwa jikoni, nione kama mama atauliza huyu mwingine yuko wapi. Hakuuliza. Wifi alikwenda, wakakaa kupepeta ulezi na kucheka, na mimi nikaendelea kumenya viazi kwa hasira.

Nakiri kwamba nilimwonea wivu tangu mwaka ule alipoolewa hapa kwetu Kizwite. Kwao ni bondeni, upande wa Muze, kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Alikuja hajui hata kusonga ugali wa ulezi vile mama anavyoupenda. Baada ya miezi mitatu mama alikuwa hali ugali wa mtu mwingine.

Hayo yote ningeyameza. Bendera ndiyo sikuweza.

Kila mwaka, mahindi yakishavunwa, akina mama wa jumuiya yetu hutembea siku mbili kutoka Kizwite hadi Mpui kwa hija. Mbele inatangulia bendera ya buluu yenye picha ya Mama Maria, ambayo mama aliidarizi kwa mkono wake. Ameibeba tangu mimi niko shule ya msingi. Mwaka huu magoti yamemkatalia, na baada ya sala ya jumuiya akatuita sote wawili.

"Mimi nitatangulia na gari, niwasubiri kanisani," alisema. "Nyie mtapokezana njiani. Atakayeingia nayo getini ndiye atakayeitunza."

Alisema hivyo akimtazama wifi. Labda alinitazama na mimi pia, lakini mimi niliona lile la kwanza.

Kwetu hija inaandaliwa kama Krismasi. Kitenge kipya, kanga mpya, viatu vipya, na hata vile visivyoonekana viwe vipya, kwa sababu mama alitulea akisema kwa Mama Maria huendi na vilivyochakaa. Basi nikaenda sokoni, duka lenye kabati za vioo, nikanunua chupi tatu za nailoni, nyekundu iliyokolea, zenye lesi pembeni na mpira mpya unaobana kiuno. Sikuzijaribu wala kuzifua. Nilitaka zitoke kwenye mfuko zikiwa na harufu ya dukani.

Nikitoka nikamwona wifi ameinama kwenye turubai la mitumba. Alikuwa anachagua chupi za pamba, zile pana za kufunika kalio lote na kushuka kidogo mapajani. Kila moja aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, akaisugua kwenye ngozi ya ndani ya mkono, akavuta mpira na kuuachia. Zenye mshono mnene alizirudisha. Alipopata inayomtosha, aliiacha akachukua kubwa zaidi yake. Nilicheka peke yangu hadi nyumbani, nikamwambia mama kwamba mkwewe anakwenda hija na chupi za mtumba.

"Amenunua mwenyewe, atavaa mwenyewe," mama alisema.

Mimi ningevaa za mtumba, ningesemwa wiki nzima.

Tuliondoka asubuhi ya baridi, upepo wa Ufipa ukituingia masikioni. Niliomba kuanza na bendera, nikapewa. Niliibeba kwa madaha hadi jua lilipokaa juu na jasho likaanza. Nailoni hainywi jasho. Ile lesi ikageuka msasa, mpira ukachora mstari kuzunguka kiuno, na mapaja yakaanza kuwaka. Kila mteremko nilisema maumivu yatapita. Mchana nilikuwa natembea miguu imepanuka kama bata, nikamwambia wifi aipokee kidogo.

Aliipokea akaenda nayo kama anakwenda kisimani. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Mrithi amepatikana," na wengine wakaitikia. Nilitamani wifi ajikwae. Sikutamani aumie, ajikwae tu, bendera iguse vumbi mara moja na watu waone.

Siku ya pili, tulipoamka kwenye darasa tulilolala, nilivaa ile chupi ya pili juu ya michubuko mibichi. Hata sijui nilitegemea nini. Paa la kanisa la Mpui lilipoonekana, nilikuwa wa mwisho kabisa, na kwenye mikaratusi nikakaa chini. Wenzangu walisimama kunywa maji. Bendera ilikuwa mkononi mwa wifi tangu asubuhi. Nilijua imekwisha.

Aliniita nyuma ya miti. Alifungua kanga aliyofungia vitu vyake akatoa chupi moja ya pamba, iliyokunjwa vizuri, na kopo la mafuta ya mgando.

"Vua hizo, wifi. Jipake kwanza. Halafu hii ivae kinyume, mshono ukae nje usikuguse. Nimeifua mara tatu, imeshalainika."

"Nani kakwambia nina shida?"

"Nilikuwa napanda ule mlima wa Muze na maziwa kichwani kuja kuyauza huku juu. Huo mwendo wako naujua. Mimi michubuko hiyo ilinikalisha ndani wiki nzima."

Nilimsubiri acheke. Angecheka ningepata pa kumshikia. Alinigeuzia mgongo, akapanua kanga kunikinga na barabara, akasubiri.

Nilivaa. Ilikuwa pana, imepauka, ya bibi wa nchi gani sijui, na kwa mara ya kwanza tangu jana nikasahau kwamba nina mapaja. Niliichukia kwa jinsi ilivyokuwa nzuri. Chupi zangu alizitia kwenye begi langu, begi akalivaa yeye. Kisha akainyanyua bendera pale alipokuwa ameiegemeza kwenye mti, akaninyooshea.

"Shika. Ni ya mama yako."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema tushike wote wawili. Niliichukua haraka, bila hata asante, nikihofu nikifungua mdomo atabadili mawazo. Nikapita katikati ya akina mama wote hadi mbele, nikaanzisha wimbo, na wale wale wa "mrithi amepatikana" wakaitikia nyuma yangu.

Mama alikuwa amesimama getini na fimbo yake. Siku mbili nzima nilikuwa nimeipanga picha hii: mimi, bendera, na uso wake. Akaja kwa taabu, akagusa kitambaa pale alipodarizi, akanishika shavu.

"Umefika, mwanangu," alisema.

Nilisubiri aongeze neno. Macho yake yakapita juu ya bega langu, yakatafuta kwenye msururu, yakarudi kwangu.

"Na mwenzio yuko wapi?"