Gemu Mpya Haikuachi Uanguke

Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha jirani yake simu ilipoita. Akaweka chanuo chini, akafuta mafuta mikononi.

"Mama Pacha, unaniacha hivi?" jirani alilalamika. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa ukalala, upande wa pili umesimama kama kichaka.

"Vumilia, shoga yangu. Ni kaka. Leo tunacheza."

Pacha walikuwa wamelala kitandani, mmoja kamlalia mwenzake. Msusi akaiwasha taratibu ile mashine mpya ya gemu ambayo kaka yake alikuwa ameituma kutoka huko mbali anakopakia mizigo ghalani. Kaka aliondoka pacha hawajazaliwa, na hajawahi kuwabeba.

Zamani walikuwa na padi moja tu ya kuchezea gemu, watu wawili. Kijitu cha viatu vyekundu kinakimbia, kinaruka tofali hadi tofali, na ukianguka umeanguka, unaanza mwanzo. Kabla ya daraja palikuwa na shimo pana lililomshinda msusi utoto wake wote. Akifika pale ananyoosha mkono wenye padi, hasemi neno. Kaka anaipokea, anamvusha, halafu anamrudishia. Anamrudishia! Kaka za wenzake wangecheza mpaka jua lizame.

"Umeona majani yanavyotikisika?" Sauti ya kaka ilitoka kwenye simu iliyoegemezwa kikombeni. "Hii ndiyo gemu. Ile ya zamani ilikuwa miraba mitupu."

"Miraba yetu ilikuwa mitamu."

"Kipya kinyemi, mdogo wangu."

"Ingawa kidonda. Malizia methali, usiikate mkia."

Kaka alicheka. Vijitu vyao viwili vilikimbia pamoja, chake cha bluu, cha msusi cha njano, na kweli palipendeza. Msusi akateleza. Kabla hajaguna, ndege mweupe alishuka, akamdaka, akamweka ng'ambo salama. Akajitupa tena, makusudi. Ndege yule yule. Hapa hata mlevi angefika mwisho.

"Mwisho wa mwaka unakuja?" aliuliza, macho kwenye kioo.

"Nauli ya nini tena?" kaka alijibu kwa furaha, kama mtu aliyetatua fumbo. "Si tutakuwa tunaonana hapa kila Jumapili? Ndiyo maana nimeituma."

Vidole vya msusi vilisimama. Kumbe zawadi yenyewe ndiyo ilikuwa inakuja mahali pa mtu.

Mbele yao palikuwa na bonde. Kaka akaruka, akavuka. Msusi akakaa ukingoni.

"Ruka basi."

"Siwezi. Njoo univushe."

"Jirushe tu, ndege atakubeba."

"Simtaki ndege."

"Sasa mimi nitakuvushaje? Padi unayo wewe, huko."

"Ndiyo nakwambia hivyo, kaka. Padi ninayo mimi, huku."

Kwa mbali kwenye simu ilisikika redio ya mtu mwingine, mlango ukifungwa. Jirani, ambaye kwa kawaida hana breki za mdomo, alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kile kijitu cha bluu kikageuka. Kikarudi kule kilikotoka, kikasimama karibu na cha njano, mabega yamegusana.

"Wale watoto," kaka alisema, sauti imeshuka, "wanalia wakibebwa na mgeni?"

"Mmoja analia. Mwingine anavuta masikio."

"Yangu makubwa. Atafaidi." Akakohoa. "Sijasema nakuja."

"Wala mimi sijasema umesema."

"Nitazungumza na msimamizi kesho. Lakini usinipokee kama mgeni, na kiti cha wageni na nini."

"Utakaa chini, na mtoto juu."

Msusi akamwangalia yule wa bluu akipumua pale ukingoni, kifua juu, kifua chini, kama walivyotengenezwa wote kupumua. Akapeleka mkono, akagusa kioo. Kilikuwa na joto la umeme tu.

"Kaka, usikate kwanza," alisema.

"Sikati."