Siku Niliyofunika Kikombe cha Mvua

Mimi ni mtu wa kuuliza, na kuuliza kumenikosesha raha maisha yangu yote. Hata sasa, uzee umenikalia mgongoni, wingu likitanda silitazami kama watu wengine. Naanza kugombana nalo.

Enzi za Wajerumani nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni huku kwetu Ugogo. Mama yangu aliishi katika tembe lake ng'ambo ya korongo, karibu kiasi kwamba nikikohoa alijua nina mafua. Mwaka mmoja boma la serikali lilituletea kikombe kirefu cha bati, kikasimikwa juu ya nguzo uani mwa kanisa. Kila asubuhi nilimimina kilichomo kwenye chupa yenye mistari na kuandika daftarini mvua imefika mstari wa ngapi. Pasipo na maji niliandika sifuri. Padri, Mzungu aliyenifundisha kusoma na kunibatiza, alinionya jambo moja tu: andika kilichomo, usiandike unachodhani. Niliipenda kazi ile. Hatimaye nilikuwa na kitu kisichobishana nami.

Mwaka huohuo mvua ya kupandia ikagoma. Nikaandika sifuri, na sifuri, mpaka mkono ukazoea.

Sasa, kwetu mtu hapandi tu kwa kujiamulia. Kila kaya hupeleka mbegu zake za uwele kwa mtemi, zikatiwa dawa, ndipo nchi nzima hupanda. Anayepanda mbegu zisizo na dawa ameiharibu nchi, na atafungasha virago. Mama alikwenda na kibuyu chake cha mbegu, akarudi nacho vilevile. Wazee wa mtemi walimkatalia.

Kesho yake mjumbe wa mtemi akaja shuleni. Tukaamkiana kwa heshima zote, mbukwa, mbukwa, kisha akaketi kwenye benchi la wanafunzi. Wazee wamekaa, akasema, na wameona ni kikombe changu kinachoizuia mvua.

"Mgeni ukimhesabia matonge, atarudi kwako?" akaniuliza. "Mvua nayo ina haya. Kiondoe, mama yako apate dawa. Kikibaki, atafute nchi nyingine ya kulima."

"Mzee," nikasema, "ile njaa kubwa ya zamani, kikombe kilikuwapo?"

"Hakikuwapo."

"Basi mvua ilizuiwa na nini?"

"Na jambo jingine," akajibu bila wasiwasi.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Utamshindaje mtu ambaye kila jibu ni lake?

Nikaenda kwa padri. Akasema kikombe ni mali ya boma, atakayekigusa atachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, wala yeye hataweza kumwombea msamaha. Sisi tutaomba. Basi tukaomba, siku saba, magoti vumbini. Niliomba kwa moyo wote, msidhani nilikuwa nafanya mzaha. Na kila asubuhi kikombe kilikuwa kikavu, na mimi ndiye niliyelazimika kuandika.

Siku ya nane nikamwambia, "Bwana, tuandike na maombi humu daftarini. Siku tulizoomba na siku ambazo hatukuomba, kisha tulinganishe."

Uso ukamwiva. "Mungu hapimwi, mwalimu."

"Ikinyesha tutasema nani kaileta?"

"Mungu."

"Isiponyesha?"

"Ana sababu zake."

Ni kama nilimwona yule mjumbe palepale, amekaa benchini kwangu. Nyani haoni kundule. Ila maneno ya padri yaliniuma zaidi, kwa sababu na mimi nilikuwa nayaamini. Nilitoka pale sina pa kusimama. Nikazunguka kanisa mara tatu kama ng'ombe aliyepoteza zizi.

Nilipofika kwa mama nikamkuta anafunga vyombo. Anakwenda kwa kaka yake, mbali upande wa Haneti, akasema, na magoti yale yaliyokuwa yanamshinda hata kuvuka korongo.

"Mama, mzigo huu ni wangu."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," akajibu, akaendelea kufunga. Hakuniomba nikiondoe kikombe. Laiti angeniomba, ningekuwa na wa kumlaumu.

Nikachukua chungu chake kikubwa, nikavuka korongo jua likiwa bado kali, na mbele ya macho ya watu wote nikakifunika kikombe. Nilijiona mjanja kweli. Boma litakikuta mahali pake, wazee wataridhika, na mimi sitakuwa nimeamini chochote. Kesho yake asubuhi mbegu za mama zikatiwa dawa.

Alasiri mvua ikaja.

Nilikuwa uani. Matone ya kwanza yalipopiga chungu nilikimbilia nguzo, maana hii ndiyo mvua niliyokuwa nikiisubiri kuipima. Mkono wangu ulifika kwenye chungu. Ukabaki pale. Kama kikombe hakizuii mvua, nikifunue, kuna nini? Hivyo ndivyo akili yangu ilivyosema, kwa sauti kubwa kabisa. Nami nikasimama nimekishika chungu kwa mikono miwili, kisianguke, mpaka mvua ilipokwisha na korongo kujaa.

Nimeshajiambia mara nyingi kwamba nilifanya vile kwa ajili ya mama. Mama hakuwapo uani.

Jioni mjumbe akaniuliza kwa kelele kutoka ng'ambo kama sasa nimeona. Padri naye akaja akanishika bega, machozi yakimlenga, akasema Mungu amejibu. Wote wawili walinitaka niwe shahidi wao. Niliwaitikia wote wawili, na nikajichukia.

Asubuhi nikavua chungu. Kikombe kikavu. Padri alikuwa amesimama nyuma yangu na daftari, na akakiona alichokiona. Akanifungulia daftari.

"Andika kilichomo," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini.

Ng'ambo ya korongo mama alikuwa ameinama shambani, anapanda. Nikachovya kalamu, nikaandika sifuri, matope yakiwa yamenifika magotini.