Mwaka Jua Lilipofifia

Mwaka 536, Domnika, mkulima wa zabibu karibu na Roma, alidhani anapofuka. Mchana kweupe hakukiona kivuli chake. Akawa anajipaka dawa ya macho kwa siri, mpaka alipomkuta mumewe, Ursi, akijidondoshea maziwa ya mbuzi machoni.

“Mume wangu, una nini?”

“Naona giza-giza, mke wangu. Sikutaka kukutia hofu.”

Wakaulizana na majirani. Kumbe wote wanaona hivyo hivyo. Domnika akacheka kwa faraja hadi akakaa chini, kisha kicheko kikamkauka.

“Basi kama macho yetu ni mazima, jua lina nini?”

Ursi akaenda kumwuliza padri wa kijiji. Padri naye hakujua. Zabibu zilikataa kuiva. Wakazikamua mbichi, wakanywa divai kali kama siki, wasijue wamwombe nani radhi.