Ndoo ya Verlon

Jirani yangu Verlon aliezeka nusu ya nyumba za mtaa wetu hapa Oklahoma kwa vigae vya lami, mpaka magoti yakamgomea. Mvua ya mawe ilipoharibu paa lake mwenyewe, wanawe wakaita mafundi wengine. Jamani! Mzee akawa kama kuku anayetaka kutaga. Vijana wanaezua vigae vya zamani, yeye yuko chini anafoka.

"We! Msumari huo umeuzamisha mno, utachana kigae!"

"Mzee wetu, kanywe kahawa," msimamizi akamjibu, kisha akaivuta ngazi juu asije akawafuata.

Basi Verlon akachukua sumaku ya magurudumu, akaiburuta uani kutwa nzima kutafuta misumari iliyodondoka. Akaambulia mmoja, akawainulia juu kama aliyekamata mwizi.

Jumapili mvua ikashuka kwa hasira. Nilipokwenda kuwatazama, nikamkuta Verlon amesimama jikoni, ndoo mkononi, macho darini.

"Verlon, halivuji," mkewe Nadine akamwambia. "Njoo ule."

"Subiri kwanza."

"Nisubiri nini?"

"Tone moja, Nadine," akanong'ona. "Tone moja tu."